Kwa binti yangu, kabla ya siku yako ya upasuaji

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi yako ameshaanza kuulizia nani atakwenda Dar kukukanda. Hilo la kukanda nitalifikia.

Ujumbe wako nimeusoma kwa makini. Umesema mtoto bado ametanguliza makalio, daktari alijaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, mtoto akakataa kugeuka, na sasa umepangiwa upasuaji ukitimiza wiki 39. Ukauliza ufanye nini ili siku hiyo iwe ya kumpokea mwanao na si ya kulazwa na kukatwa tu. Swali la pili uliliweka mwishoni, kwa maneno machache: "Baba, nikipasuliwa nitakuwa nimezaa kweli?"

Kwetu mambo ya uzazi baba huyasikia kwa mbali, na huenda ulitarajia mama yako ndiye ajibu. Lakini unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nilikuwa mtu wa ganzi na usingizi. Nilisimama upande wa kichwa cha mama, mahali ambapo mkato hauonekani lakini uso wake unaonekana wote. Nimezungumza na wanawake wengi katika dakika zile, kwa hiyo uniruhusu nikuandikie bila haya. Mama yako ameketi hapa karibu, na sehemu nyingine ni maneno yake.

Nianze na lile la pili, maana ndilo linalokuumiza. Ndiyo, utakuwa umezaa. Mimba umeibeba wewe, damu ni yako, na kidonda utakiuguza wewe. Watu watasema umezaa kwa kisu, watasema hukuuonja uchungu. Maneno hayo yamewaliza wanawake wengi wodini, tena mara nyingi yanatoka kwa ndugu waliokuja na chupa ya uji mkononi. Usiyabebe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila watano duniani huzaliwa kwa upasuaji, asilimia 21. Mdogo wako naye ni mmoja wao, na hakuna siku tuliyosema nyumbani kwamba yeye hakuzaliwa.

Wala usikubali ukiambiwa kwamba ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na hospitali. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aliyeitwa Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa uzazi mahali paitwapo Kahura, Uganda ya leo, ukifanywa na mganga wa huko. Mama alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, mimba yake ya kwanza kama wewe. Walimpa pombe ya ndizi ili alegee, na mganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kuoshea tumbo la mama. Akakata, msaidizi wake akazuia damu kwa chuma cha moto, mtoto akatolewa, kondo likafuata. Tumbo likafungwa kwa pini za chuma na kamba za magome ya mti, na kidonda kikapakwa dawa ya mizizi. Felkin alikaa siku kumi na moja akifuatilia; kidonda kilipona, mama na mtoto walikuwa hai. Maziwa ya yule mama yalichelewa, kwa hiyo siku za mwanzo mtoto alinyonyeshwa zaidi na rafiki yake. Felkin aliyachapisha hayo mwaka 1884. Ufundi ule haukuonekana kuwa wa kubahatisha. Watu wale walikuwa wakijua wanachofanya, na sidhani kuna aliyemwambia yule msichana kwamba hakuzaa.

Na sababu yako ni ya haki. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 26 ukiongozwa na daktari Mary Hannah wa Kanada. Ulionyesha kwamba mtoto aliyefikisha miezi tisa akiwa ametanguliza makalio huwa salama zaidi kwa upasuaji uliopangwa kuliko kwa njia ya kawaida. Madaktari wamebishana juu yake tangu hapo, na wapo wakunga hodari wanaozalisha makalio vizuri sana. Lakini kwa mimba ya kwanza, mtoto akiwa amekataa kugeuka, uamuzi wa daktari wako naukubali. Hata hiyo wiki ya 39 ina maana yake: mtoto akitolewa mapema zaidi bila uchungu kuanza, huwa katika hatari zaidi ya kupata shida ya kupumua siku za kwanza. Kwa hiyo asitokee mtu wa kukusogezea tarehe ije mapema kwa sababu ya safari au sikukuu. Uchungu ukianza au chupa ikipasuka kabla ya siku yenyewe, hapo usisubiri tarehe, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jambo moja kabla sijasahau. Asubuhi ya upasuaji omba wakupime tena kwa altrasaundi. Watoto wachache hugeuka dakika za mwisho, na hakuna haja ya kupasuliwa kwa sababu ambayo haipo tena.

Sasa maandalizi. Kwa miaka yote niliyosimama pale nimeona kwamba wanawake waliotoka wakiwa na furaha walikuwa wale waliojua kinachofuata na waliosemeshwa. Urahisi wa upasuaji wenyewe haukuwa ndiyo sababu. Mama akisemeshwa, hata mambo yakibadilika anabaki kuwa mwenye shughuli. Akinyamaziwa, kila mlio wa chuma unakuwa kitisho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi yako ni kuuliza na kuomba, na kuomba huko kufanyike mapema, kliniki, siyo ukiwa umeshalazwa juu ya kitanda cha upasuaji. Siku ile kila mtu ana lake mkononi.

Andika maombi yako kwenye karatasi moja, yasizidi matano. Umwoneshe daktari wa uzazi, na siku yenyewe umwoneshe mtu wa ganzi atakapokuja kukuona. Usimdharau huyo. Wengine wote watakuwa wanatazama tumbo, yeye peke yake ndiye atakayekuwa anakutazama usoni.

Mwaka 2008 timu moja ya London, Jenny Smith aliyekuwa mkunga, Felicity Plaat wa usingizi na Nicholas Fisk wa uzazi, waliandika namna ya kufanya upasuaji wa uzazi ambao mama anashiriki. Nilipousoma nilifurahi sana, kwa sababu mambo mengi waliyoyaeleza hayahitaji mashine wala fedha. Wanashusha pazia ili mama aone mtoto anavyotoka. Wanamtoa taratibu, bila haraka. Wanamweka kifuani kwa mama mapema. Ili kifua kibaki wazi, nyaya za mashine ya moyo hubandikwa pembeni au mgongoni, na dripu huwekwa kwenye mkono usioutumia sana, ili ule mwingine umshike mtoto. Hayo yote yanawezekana Muhimbili na yanawezekana kwenye kituo cha afya, mradi watu wakubaliane kabla.

Ningekuwa wewe ningeomba haya. Kwanza, wanisemeshe: waniambie wanapoanza, wanapokaribia kumtoa, na kama kuna jambo, waniambie kuna jambo. Pili, kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita kama mimi na mtoto tu salama. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo, kwa sababu damu inayoendelea kuingia humwongezea mtoto madini ya chuma ya miezi ya mwanzo. Tatu, awekwe ngozi kwa ngozi kifuani pangu, afutwe na afunikwe kanga kavu na kofia, maana chumba kile kina baridi. Nne, kama mtoto ni wa kike au wa kiume, nione mwenyewe, asinitangazie mtu. Tano ni mume wako.

Juu ya mume, uliza wazi kama wanaruhusu aingie. Hospitali nyingi za umma bado hazimruhusu, nyingine zinaruhusu akivaa nguo zao na kukaa upande wa kichwa. Wakikubali, amwambie mtu mapema kama damu humfanya azimie, si aibu. Wakikataa, msigombane nao siku hiyo. Mkubaliane kwamba atasubiri mlangoni, na mtoto akitoka kabla yako apewe yeye, afungue shati, amweke kifuani. Ngozi ya baba inampasha mtoto joto vizuri kabisa. Na adhana amwadhinie hapohapo, sikio la kulia, kwa sauti ya chini. Hiyo haina haja ya kusubiri mfike nyumbani.

Ulitaka kujua kama unaweza kusikiliza kaswida kwenye simu. Omba. Mimi sikuwahi kumkatalia mama, mradi sauti isizuie watu kusikilizana.

Wiki hizi zilizobaki, kunywa vidonge vyako vya kuongeza damu bila kuruka, na uulize damu yako imefika kiwango gani. Ujue kundi lako la damu. Tafuta ndugu wawili watatu wakachangie damu kabla ya siku yako. Mkwe wangu awe wa kwanza. Karibu kila upasuaji huu hupita bila kuongezewa damu, ila siku inapohitajika inahitajika sasa hivi, na ndugu hawezi kuanza kutafutwa Kariakoo wewe uko mezani.

Usinyoe mwenyewe kwa wembe nyumbani. Wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo vijidudu huingilia, na kidonda kinakuja kupata usaha. Kama ni lazima, hospitali watapunguza wenyewe. Oga vizuri kwa sabuni usiku na asubuhi. Rangi ya kucha futa. Piko nyeusi kwenye ncha za vidole acha kwanza, maana ile mashine ndogo ya kubana kidole inapima oksijeni kwa mwanga, na weusi huo unaweza kuizuia isisome. Hina utapakwa kwenye arobaini. Chakula chochote acha angalau saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu unaweza kunywa mpaka zibaki saa mbili, isipokuwa wao wakikupangia vingine.

Sasa nikuingize ndani, maana hapa ndipo ninapopajua.

Chumba kina baridi na mwanga mkali, na watu ni wengi kuliko ulivyotegemea: mpasuaji na msaidizi wake, muuguzi wa vyombo, muuguzi wa kuzunguka, mkunga wa kumpokea mtoto, mtu wa ganzi, wakati mwingine na wanafunzi. Wingi wao si dalili ya hatari. Kila mmoja ana kazi. Watakuuliza jina lako na unachofanyiwa hata kama wamekuuliza tayari. Ni utaratibu wa usalama, jibu kwa sauti. Watakupa dawa ya kuzuia maambukizi kwenye mshipa kabla ya kukata, na wakisahau, wewe uliza.

Sindano ya mgongo ndiyo watu wanayoiogopa kuliko kisu. Utakaa ukingoni mwa kitanda, kidevu kifuani, mabega yalegee, mgongo utokeze nje. Mkunga atakushika mabega. Utasikia dawa ya kusafishia ikiwa baridi sana, kisha mchomo mdogo wa ganzi ya ngozi, kisha msukumo. Hapo usitikisike, pumua polepole. Sindano yenyewe ni nyembamba mno, na inapita chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, kwa hiyo haichomi uti. Njia hii si ya majaribio. August Bier aliifanya Ujerumani mwaka 1898 na imeboreshwa tangu hapo. Wanaosema itakuharibu mgongo maisha yako yote hawasemi kweli. Mgongo unaweza kuuma pale pa mchomo siku chache. Maumivu ya mgongo baada ya uzazi yapo kwa waliochomwa na kwa wasiochomwa, kwa sababu mimba yenyewe na kuinama kunyonyesha ni mzigo.

Mara tu baada ya sindano utahisi joto kwenye makalio, kisha miguu inakuwa mizito, kisha haikutii tena. Watakulaza na kukuinamisha kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Dakika hizo presha hupenda kushuka. Ukihisi kichefuchefu, miayo au giza machoni, sema hapohapo. Mtu wa ganzi anaitegemea hali hiyo na dawa yake anayo tayari, inakaa sawa ndani ya dakika moja au mbili. Wanawake wengi huvumilia kimya wakidhani wanasumbua. Wewe sumbua.

Kabla ya kukata watakujaribu kwa kitu cha baridi au kwa kukubinya. Jibu ukweli. Kama bado unasikia maumivu, sema nasikia maumivu, na usikubali neno "vumilia". Kuna dawa ya kuongeza, na kuna nusu kaputi kama ganzi haikushika. Lakini elewa tofauti: maumivu makali hayatakiwi, kuguswa utakusikia. Utahisi kuvutwa na kusukumwa, kama mtu anayekanda unga juu ya tumbo lako, na karibu na kumtoa mtoto msaidizi atasukuma juu ya tumbo kwa nguvu, kifua kibanwe kidogo. Ikikujia hofu kwamba hupumui, sema neno lolote. Sauti ikitoka, pumzi ipo. Unaweza pia kutetemeka meno yakagongana. Ni ganzi na baridi, haina madhara, itaisha.

Kutoka kukata mpaka mtoto kutoka mara nyingi hazifiki dakika kumi. Wako atatoka makalio kwanza, kisha miguu, kisha mikono, kichwa mwisho. Ukiwa umeomba pazia lishushwe, wataliteremsha hapo, na hutaona kidonda, tumbo lenyewe linakukinga. Usiogope akikaa kidogo bila kulia. Wengine hufungua macho kwanza. Akihitaji kusaidiwa kupumua watampeleka kwenye meza yake hatua chache kutoka ulipo, na hapo ndipo lile ombi lako la kusemeshwa linapofanya kazi: yuko mtu atakayekwambia anachofanyiwa. Kushona ndiko kunakochukua muda, nusu saa na zaidi. Muda huo ni wako na mwanao. Mwombe mkunga amsogeze kwenye titi hapohapo ikiwezekana, la sivyo ndani ya saa ya kwanza.

Kama mambo yakienda mrama na ikalazimu ulazwe usingizi kabisa, utaamka na mtoto ameshazaliwa. Itakuuma kukosa ile dakika. Basi panga sasa nani atamshika, nani atapiga picha, na umwambie mtu huyo akusimulie yote: alilia vipi, alifumbua macho saa ngapi, nani alimbeba wa kwanza.

Yanayofuata ni ya mama yako, mimi naandika tu.

Anasema dawa za maumivu zinywe kwa saa zake, usisubiri maumivu yapande ndipo uite. Usiku wa kwanza utakuwa na mpira wa mkojo. Chezesha vidole na vifundo vya miguu mara ganzi inapoachia, na ndani ya siku ya kwanza uinuke, hata kama ni hatua tano, kwa sababu damu inayolala miguuni huganda. Unapoinuka, jigeuze ubavu kwanza, kisha sukuma kwa mikono. Ukikohoa au kucheka, bana mto juu ya tumbo. Gesi itakutesa kuliko mshono siku ya pili. Tafuna bigijii, huamsha utumbo, na hilo limethibitishwa na watafiti, si la mitaani tu. Uji na supu watakuruhusu mapema kuliko zamani, hakuna tena kukaa na njaa mpaka utoe upepo.

Dang'a inatosha. Ni kidogo na ni ya njano, na tumbo la mtoto siku ile nalo ni dogo. Baada ya upasuaji maziwa yanaweza kuchelewa siku moja au mbili kuliko kwa wengine, lakini yakiitwa yanakuja, na kinachoyaita ni mtoto kunyonya mara kwa mara. Mnyonyeshe umelala ubavu, au umemshika chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma, asikugonge kidondani. Wakija na maji ya glukosi au asali, kataa kwa adabu.

Na bibi yako. Tumeshazungumza naye, mama yako kwa upole na mimi kwa upole zaidi. Akukande mgongo, akukande miguu, akupikie uji wa pilipili manga, afanye yote anayoyajua. Tumboni asiguse kwa maji ya moto. Ngozi inayozunguka mshono hufa ganzi kwa miezi, kwa hiyo unaweza kuungua na usijue. Mkaja wa kubana kidonda nao usubiri mpaka daktari aseme. Kidonda kinataka kuwa kikavu na kuachwa, bila chumvi, bila majivu, bila dawa ya mtu. Bibi amekubali. Alisema kwanza haiwezekani, kisha akauliza kama anaweza kukukanda mabega, tukamwambia mabega ni yake.

Hizi hazisubiri asubuhi: pedi kulowa yote ndani ya saa moja, homa, mshono kuwa mwekundu na kutoa usaha au kufunguka, uchafu wa uzazi kunuka vibaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kichwa kuuma sana na macho kuona nyotanyota. Kichwa kikiuma ukikaa na kutulia ukilala, hiyo huwa ni ya sindano, ina tiba yake, rudi uwaone. Mume wako naye azijue hizi kwa kichwa.

Narudi mimi. Mtoto aliyekaa makalio tumboni anaweza kubaki na miguu iliyokunjwa kuelekea juu siku kadhaa, isikushtue. Ila nyonga zake zikaguliwe, na ukiweza zipimwe kwa altrasaundi akifika wiki sita, maana watoto wa mlalo huo hupata zaidi tatizo la nyonga kutokaa sawa. Ukishapona na kuanza kumbeba mgongoni, miguu imekukumbatia kiunoni, huo ni mkao mzuri kwake.

Kabla hujaruhusiwa, omba waandike kwenye kadi yako sababu ya upasuaji na aina ya mkato kwenye mji wa mimba. Mkato wa kulala, wa chini, unakupa nafasi ya kujaribu njia ya kawaida mimba ijayo. Kwa wanawake walio na kovu moja, karibu watatu kati ya wanne wanaojaribu hufaulu. Lazima iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa sababu kovu huachia kwa takriban mmoja kati ya 200. Na pumzika miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine.

Ukijikuta unalia wiki ile ya kwanza, lia, na umwambie mama yako. Ikipita wiki mbili na bado huoni nuru, au huna hamu hata ya kumshika mtoto, hilo ni la kumwambia daktari, na mimi nitakusindikiza.

Mama yako atapanda basi Jumatano, amebeba kanga mpya sita na kofia alizofuma. Bibi atafuata baada ya wiki. Karatasi ya maombi iandike leo, uipige picha unitumie niione kabla hujampelekea daktari, na uniambie wamesemaje kuhusu mume wako kuingia.

Baba yako